Kupanua Hifadhi ya Seva Bila Kupoteza Kumbukumbu za Wagonjwa

Mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida hutumia dawa kwa miezi 6, na katika muda huo daktari huweza kuirejea picha ya kifua iliyopigwa mwanzoni ili aone kama mapafu yanapona. Zamani picha hiyo ilikuwa filamu ndani ya bahasha, na mgonjwa aliibeba mwenyewe. Leo, penye eksirei ya kidijitali, inakaa kwenye seva pamoja na majibu ya maabara na kumbukumbu za mfumo kama GoTHOMIS. Picha moja ya kifua huweza kuchukua megabaiti 10 au zaidi, na uchunguzi mmoja wa CT mamia ya megabaiti. Diski hujaa. Hapo hospitali hulazimika kuongeza nafasi, na kazi hiyo, ambayo wengi huiona ya fundi peke yake, yaweza kufuta historia za maelfu ya wagonjwa kwa usiku mmoja.

Mjini Mpanda hatari hiyo ni kubwa zaidi. Makao makuu haya ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, yako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na reli yake ni tawi linalochepuka Kaliua. Kwa miaka mingi mji ulitegemea majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Diski ya seva ikifa hapa, mbadala wake haupatikani kirahisi duka la jirani jioni hiyohiyo.

Kisha kuna bei. Watengenezaji wa seva huuza diski zenye nembo yao kwa bei ya juu, ilhali nyingi hutengenezwa na viwanda vilevile vinavyouza diski za kawaida. Wafamasia wanaijua hali hii: parasetamo ni parasetamo, liwe jina kubwa au dogo kwenye boksi, mradi Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba imeisajili. Kwa diski, kinachokaribiana na usajili huo ni orodha ya diski zilizojaribiwa na kukubaliwa na mtengenezaji wa seva. Isomwe kabla ya kulipa, maana baadhi ya seva hukataa diski ngeni kabisa.

Hata hivyo, nembo si kinga. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zisipowekewa programu mpya ya ndani. Diski zilizowashwa pamoja zingekufa pamoja, na kumbukumbu zote zingekwenda nazo. Ni busara, basi, kuchanganya diski za matoleo tofauti ya kiwanda, na kukagua saa za kazi za kila diski inayouzwa kama mpya.

Mtego mwingine ni aina ya uandishi. Diski za SMR huandika mistari inayolaliana kama vigae vya paa. Zinafaa kutunza mafaili yasiyobadilika, lakini hulemewa zinapojazwa mfululizo. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao, zilikuwa za namna hiyo. Kwa seva ya hospitali itafutwe diski ya CMR, na muuzaji aandike hivyo kwenye ankara.

Upanuzi wenyewe hutegemea mpangilio wa RAID. RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja, RAID 6 diski mbili. Ukitoa diski ndogo ya RAID 5 ili uweke kubwa, uvumilivu huo umekwisha hadi diski mpya ijazwe. Diski ya terabaiti 8 ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 15, na seva yenye shughuli nyingi huchelewa zaidi. Umeme ukikatika katikati, au diski nyingine kuukuu ikafa kwa kuchoshwa na usomaji huo, hakuna cha kufidia.

Kwa hiyo nakala rudufu hutangulia. RAID haichukui nafasi yake: faili lililofutwa kwa bahati mbaya hufutika kwenye diski zote. Nakala iwe nje ya seva, na irejeshwe kwa majaribio: yafunguliwe majalada kadhaa na picha mbili tatu. Kisha diski zote zikaguliwe, jenereta liwe na mafuta, betri ya UPS ipimwe, nayo diski ya akiba iwe kabatini Mpanda, si Dar es Salaam. Hubadilishwa diski moja tu. Ya pili haiguswi mpaka ya kwanza imalize. Wauguzi wajulishwe siku hiyo, wawe na fomu za karatasi mkononi, na mgonjwa anayeambiwa asubiri aelezwe sababu.

Diski iliyotolewa bado ina majina, namba za simu na majibu ya vipimo vya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayahesabu majibu hayo kuwa taarifa nyeti, hata diski ikiwa imetupwa stoo. Ifutwe kwa programu maalumu, au itobolewe kwa drili mbele ya shahidi, na namba yake iandikwe kwenye daftari la mali.