Pua Kabla ya Kuzaliwa

Mwishoni mwa wiki ya nne tangu mimba kutungwa, ngozi ya nje ya kiinitete huwa nene mahali pawili, kushoto na kulia mbele ya kichwa. Mabaka hayo ndiyo chanzo cha pua. Katika wiki ya tano hudidimia na kuwa vishimo, na kwenye dari la vishimo hivyo baadhi ya seli hugeuka kuwa neva za kunusa. Kila seli hutuma uzi mwembamba hadi kwenye ubongo. Nyuzi hutangulia mfupa: bamba linalotenga pua na ubongo huumbika baadaye likizizunguka, ndiyo maana lina vitundu vingi.

Kuanzia mwezi wa pili hadi karibu wa sita, matundu ya pua huzibwa na seli. Yakishazibuka, maji ya chupa ya uzazi hupita puani pamoja na harufu za chakula cha mama. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa watoto wachanga wa akina mama waliokula vyakula vyenye anisi wakati wa ujauzito walivutiwa na harufu hiyo saa chache baada ya kuzaliwa.

Puani huumbika pia kiungo cha pili cha kunusa, chenye historia ya ajabu zaidi. Ludvig Jacobson wa Denmark alikieleza kwa wanyama mwanzoni mwa karne ya 19. Beberu anayenusa mkojo wa jike kisha akainua kichwa na kukunja mdomo wa juu anapeleka kemikali kwenye kiungo hicho. Kwa binadamu, kifuko chake huonekana kwenye ukuta wa kati wa pua kabla ya miezi miwili kutimia, kikiwa na seli zinazofanana na za neva. Baadaye seli hizo hufifia. Watu wazima wengi hubaki na kitundu kidogo kisicho na neva ya kukiunganisha na ubongo, na jeni ya TRPC2, ambayo panya huitegemea, imeharibika kwa binadamu. Manukato yanayouzwa kwa ahadi ya kumnasa mpenzi kupitia kiungo hiki hayana msingi.

Hata hivyo, kiungo hicho hakipiti bure. Kuanzia wiki ya sita hivi, seli zinazotoa homoni ya GnRH, ambayo huamsha balehe, hutoka puani na kufuata nyuzi za neva zake na za jirani zake hadi haipothalamasi, ndani ya ubongo. Safari ikikwama, hutokea ugonjwa wa Kallmann, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1944: mtu hanusi, na habalehe bila matibabu ya homoni. Kwa hiyo kijana aliyechelewa kubalehe aulizwe pia kama anasikia harufu. Wengi waliozaliwa hivyo hawajui kwamba wanakosa kitu, na hawatasema wasipoulizwa.