Nywele, Ngozi na Kucha Zinataka Nini?

Siku hizi vidonge vya vitamini vinauzwa kila mahali: katika farmasi, sokoni kando ya sabuni na mafuta ya kichwa, hata ndani ya basi. Mchuuzi anasema, "Hivi ni vya nywele, hivi ni vya ngozi, hivi ni vya kucha." Wamama na wasichana wananunua. Wababa nao wanawanunulia watoto dawa ya maji katika chupa yenye picha ya mtoto mnene. Mimi siwacheki. Mtu akiona nywele zake zinapunguka anasikitika, na ni haki yake kutafuta msaada. Lakini mbele ya kufungua fundo la fedha yako, ujue kwanza mwili unafanya kazi namna gani, maana katika jambo hili watu wengi wanapoteza mali, na watoto wengine wanapoteza uzima.

Unywele unaouona nje hauna uhai. Ndiyo sababu ukikatwa husikii maumivu. Sehemu iliyo hai ni mzizi wake, ndani ya ngozi, nao unasukuma unywele nje karibu sentimeta moja kwa mwezi. Kucha ya kidole cha mkono inasogea kama milimeta 3 kwa mwezi. Ili iwe mpya toka shina hata ncha inataka karibu miezi 6, na kucha ya mguu inataka mwaka na zaidi. Basi, mtu akikuambia kwamba vidonge vyake viliponya kucha kwa juma moja, utajua namna ya kumjibu.

Vitu hivi vyote vinajengwa kwa yale yanayopita kinywani mwako. Chakula kikipunguka, mwili unagawanya kama mama mwenye akili anavyogawanya chungu kidogo: moyo na ubongo vinapewa kwanza, nywele zinabaki nyuma. Kwa hiyo nywele, ngozi na kucha ni kama mashahidi. Zinasema habari za ndani. Anayepaka mafuta juu yake tu anamfunga shahidi kinywa.

Nitasema zaidi juu ya shahidi mmoja, maana ni mkubwa katika inchi yetu. Ni nywele za mtoto mwenye bwaki. Vitabu vya waganga vinauita ugonjwa huu kwashiorkor. Jina hilo lilitoka Ghana, katika lugha ya Ga. Daktari Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akatumia jina lenyewe. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa katika ziwa la mama kwa sababu mdogo wake anakuja. Wazee wa Ga waliona vizuri. Mtoto anaachishwa mapema, anapewa bugali ya muhogo na mchuzi wa maji, kisha homa na kuhara vinamkuta hana nguvu.

Nywele zake zinageuka kuwa nyekundu au za rangi ya majani makavu, zinakuwa laini na chache. Ukivuta kidogo zinatoka, naye halii. Ngozi inakuwa nyeusi mahali mahali, kisha inachunika kama rangi ya ukuta wa zamani. Miguu inavimba. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba kwa muda wa kuhesabu tatu. Ukiondoa kidole na shimo likibaki, usingoje kesho. Uso nao unavimba, ndipo jirani wanasema, "Mtoto huyu amenona!" Hapana, hakunona. Mtoto aliyenona anacheza. Huyu anakaa mahali pamoja, ana huzuni, anakataa chakula.

Tena mara nyingine utaona jambo la ajabu. Mtoto alipatwa na njaa, akapata nafuu, njaa ikarudi. Katika unywele uleule utaona sehemu nyeusi, sehemu nyekundu, tena sehemu nyeusi. Waganga wanaiita alama ya bendera. Kichwa cha mtoto kimeandika miezi ya njaa na miezi ya shibe, na hakuna anayeweza kufuta maandiko hayo.

Mama mmoja alituletea binti yake wa miaka miwili katika hali hiyo. Alikuwa amekwisha kununua chupa tatu za dawa ya vitamini na chuma, "kwa ajili ya nywele." Tulipomwuliza fedha ilitoka wapi, akasema aliuza kuku wake wawili, nao walikuwa wakitaga. Alimpenda mtoto wake sana, mtu asimhukumu. Lakini tulilazimika kumwambia aache chupa ile siku ileile, maana mtoto mwenye bwaki kali hapewi chuma katika juma la kwanza la matunzo: mwili wake bado hauwezi kukichukua, na kinaweza kuongeza hatari. Kwanza anapewa maziwa yaliyotengenezwa kwa ugonjwa huo, kidogo kidogo, mchana na usiku, pamoja na dawa ya kuua vijidudu. Akianza kutamani chakula anapewa pakiti ya siagi ya karanga yenye maziwa, mafuta na sukari. Pakiti moja ni gramu 92, na ndani yake vitamini na madini yamo tayari. Vitamini zinakuja pamoja na chakula, hazikuja kukaa mahali pa chakula. Mtoto yule alipona.

Kucha zina habari zao pia. Zikiwa nyembamba, zikabonyea katikati kama kijiko, mara nyingi ni alama ya kukosa chuma katika damu. Tazama pia viganja na ndani ya kope: je, ni vyeupe? Je, mama anachoka kwa kupanda kilima kidogo? Je, anatamani kula udongo? Huyu asinunue vidonge vya kucha. Aende apimwe damu na choo, maana labda ana safura, minyoo midogo inayoingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunywa damu tumboni. Ukimpa chuma bila kuua minyoo, unawalisha minyoo. Lakini alama nyeupe ndogo katika kucha zisikuogopeshe; mara nyingi ni kucha iliyogongwa tu.

Kuna mambo mengine ambayo hakuna vitamini inayoyaponya. Msichana anayesukwa kwa kuvuta sana atapoteza nywele za paji la uso, na vidonge elfu havitazirudisha kama hakulegeza nyuzi. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo kichwani yasiyo na nywele ana choa. Anataka dawa ya choa ya kumeza, nayo hutolewa na mganga. Mama aliyezaa anaona nywele nyingi zinaanguka miezi miwili hata minne nyuma ya kuzaa. Hizo zitarudi zenyewe, kwa kawaida mbele ya mwaka kwisha. Juu ya sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki sitaki kusema mengi: ni sumu, yanaharibu figo.

Labda utauliza, "Basi vidonge vyote ni bure?" Sivyo. Mama mwenye mimba anapewa kila siku chuma na asidi foliki, naye asiviache kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Ndivyo chuma kinavyofanya. Mtoto wa miezi 6 hata 59 anapewa vitamini A kila miezi 4 hata 6, kwa kuwa inalinda macho na uzima wake. Lakini vitamini A ikizidi, nywele zinaanguka na ngozi inakauka, yaani jambo lilelile ulilolikimbia! Na mama mwenye mimba akimeza vidonge vyake vyenye nguvu nyingi, mtoto anaweza kuharibika tumboni. Mwaka wa 2008 huko Marekani watu 201 walipata shida, wengi wakipoteza nywele na kucha zao zikiharibika, kwa sababu ya dawa ya maji ya kuongeza afya ambayo madini ya seleni yalizidi ndani yake. Tena kuna biotini, inayosifiwa sana kwa nywele. Mtu mzima anatosheka na mikrogramu 30 kwa siku, naye anazipata katika mayai, karanga na maharagi. Vidonge vingine vina 10,000. Wingi huo unaweza kudanganya kipimo cha damu cha moyo au cha rovu, na mganga akaandika dawa isiyofaa.

Sasa tuingie jikoni. Sambaza wakavu, watwange hata wawe unga, tia vijiko viwili katika uji wa mtoto. (Samaki hawa hawakuwa katika Ziwa Kivu zamani, waliletwa toka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka wa 1959, na sijui mapishi yetu yangekuwaje bila hao.) Maharagi, soya, karanga na kumbikumbi vinajenga mwili. Sombe na lengalenga vina vitamini nyingi, lakini sombe itwangwe vizuri na kupikwa sana kwa ajili ya sumu yake. Mafuta ya mawese yana mali ya vitamini A katika wekundu wake. Ukiyachemsha hata yawe meupe, umeitupa. Ukila maharagi, kula na pera au chungwa, nayo yatasaidia chuma kuingia katika damu. Chai ingoje saa nzima. Na yai, katika jamaa zingine mama na mtoto wanakatazwa, baba anakula peke yake. Baba, mtazame mtoto wako kichwani, kisha amua.

Ukija hospitali kwa shida ya nywele, ngozi au kucha, usioshe rangi ya kucha siku ileile tu ukatuficha mengine. Njoo na vidonge vyote unavyomeza, hata pakiti tupu, hata dawa ya majani. Mlete pia mtoto mdogo anayefuata aliye mgongoni, maana tutataka kumpima mkono kwa utepe wenye rangi tatu. Haiumi, na inachukua dakika moja.