Biskuti za sikukuu: mkebe wa zawadi uwe salama kwa anayepokea

Desemba ikifika, nyumba nyingi za Mombasa hunukia iliki na samli. Nankhatai huokwa kwa ajili ya majirani, wageni wa Krismasi na jamaa wanaorudi bara, kama zinavyookwa wakati wa Idd na Diwali. Mkebe hutoka nyumba moja kwenda ya pili, na kwa desturi ya hapa haurudi mtupu.

Biskuti hizi zinatofautiana na za dukani kwa jambo moja kubwa: hazina maandishi. Pakiti ya dukani huonyesha viungo, tarehe na alama ya KEBS. Mkebe wa nyumbani hauonyeshi chochote, na anayepokea hula kwa kumwamini aliyempa. Kazi yote ya ukaguzi inabaki kwa mwokaji.

Kwa zawadi, nankhatai ni chaguo zuri. Biskuti hii, ambayo asili yake ni Surat katika jimbo la Gujarat, India, haina mayai, nayo ni kavu, hivyo haiharibiki upesi kama keki. Unga wa ngano gramu 500, samli gramu 300, sukari laini gramu 250, kijiko kidogo cha iliki na kimoja cha beking pauda hutoa biskuti 40 hivi. Samli na sukari hupigwa hadi ziwe nyeupe, kisha unga uliochekechwa huongezwa bila maji. Katika oveni yenye joto la nyuzi 170, dakika 20 zinatosha. Zikitoka huwa laini na wengi huzirudisha motoni wakidhani ni mbichi. Zisirudishwe; hukauka zikipoa. Watoto nao wasiachiwe bakuli walambe kinyunga, kwani unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu ambavyo hufa kwa moto tu.

Asiye na oveni huoka kwa sufuria nzito, makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Njia hii ni ya zamani na biskuti hutoka vizuri. Hatari iko kwenye makaa yenyewe. Yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua mtu akiwa usingizini. Jiko likae uani au penye upenyo wa kutosha. Uokaji ukiisha usiku, lisiingizwe chumbani hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa waliomo chumba kimoja ni dalili ya kutoka nje mara moja.

Njugu zinahitaji jicho kali zaidi. Njugu karanga zilizohifadhiwa penye unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, na moto wa kuokea hauiondoi. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Njugu zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu zitupwe, hata kama zimenunuliwa kwa bei. Kuzisaga ili zisionekane ni kumpelekea jirani sumu.

Isitoshe, kuna watu wenye mzio wa njugu, korosho, mayai au maziwa. Kwa mtu kama huyo kipande kidogo kinaweza kuvimbisha midomo na kuziba pumzi, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kusubiri. Kikaratasi kinachobandikwa kwenye kifuniko kikiwa na tarehe ya kuoka na viungo vyote hakigharimu kitu. Kitaje samli pia, kwa sababu imetokana na maziwa.

Unyevu wa Pwani nao ni adui. Biskuti zikifungwa zikiwa na joto hutoa jasho, zikalainika na kuota ukungu. Zipoe kabisa, kisha ziwekwe kwenye mkebe mkavu unaofunga vizuri. Mikebe iliyowahi kuwa na rangi au dawa isitumiwe hata ikioshwa namna gani, na gazeti lisiguse biskuti kwa sababu ya wino wake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Kikapu cha ukindu au mfuko wa kaki unapendeza zaidi.

Wapo wanaoanza kwa zawadi na kabla ya mwaka kuisha wameshapokea oda. Zawadi ni zawadi, lakini biskuti ikiuzwa inaingia chini ya sheria za chakula. Mwokaji atahitaji leseni ya biashara ya kaunti, na cheti cha uchunguzi wa afya kwa wanaoshughulikia chakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Bidhaa zinazopakiwa kwa ajili ya maduka huhitaji pia alama ya KEBS. Maelezo ya cheti na ukaguzi wa jikoni yanapatikana katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, na ni vyema kufika huko kabla ya kupokea oda ya kwanza.