KWA NINI UNACHOKA UNAPOPUNGUZA MWILI?

Ukipita mjini Tunduma asubuhi utakuta kazi imekwishaanza. Malori yamepanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Wapagazi wanashusha magunia. Kina mama wamefungua vibanda vyao vya vitenge, mchele na maharage. Siku hizi, katika mazungumzo ya kina mama hao, si ajabu kusikia maneno kama haya:

"Dada, mbona leo umenyong'onyea hivyo?"

"We acha tu, mwenzangu. Napunguza mwili. Tangu jana asubuhi sijagusa ugali."

Zamani maneno hayo yangechekesha watu. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikusanyika kusikiliza redio na kusoma vitabu, wakajifunza jinsi ya kupata chakula cha kutosha na kilicho bora. Shida ya wakati ule haijaisha. Hata leo wapo watoto wanaodumaa katika nyumba zenye mahindi. Lakini imeingia shida nyingine. Mtu anakaa kibandani kutwa nzima. Asubuhi maandazi na chai ya sukari nyingi, mchana chipsi mayai na soda, jioni ugali mkubwa. Mwili unaongezeka, presha inapanda, sukari inapanda. Akienda zahanati, anaambiwa apunguze uzito.

Ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni namna tunavyoufuata. Wengi wetu tunaufuata kwa hasira! Tunakata chakula chote kwa siku moja, na baada ya wiki moja hatuwezi hata kuinua ndoo ya maji.

Kwanza tuelewe neno kalori. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama vile lita ilivyo kipimo cha mafuta ya taa. Robo kilo ya unga wa mahindi ina kalori karibu 900. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Chupa moja ya soda ina kalori 130 hadi 150, na zote zimetoka kwenye sukari.

Mwili unatumia nguvu hiyo hata ukiwa umelala. Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi, na damu lazima iwe na joto. Kwa mwanamke wa kilo 60 hivi, kazi hizo za ndani peke yake hula kalori karibu 1,300 kwa siku. Bado hajafagia, hajatembea kwenda sokoni, hajashika jembe. Sasa tuseme mama huyo anakunywa chai kavu asubuhi, mchana hali kitu, na jioni anakula tonge chache za ugali na mboga za majani. Kalori zake hazifiki hata 900. Nguvu nyingine itatoka wapi?

Itatoka kwenye akiba. Hebu fikiria nyumba ya mkulima wa Mbozi. Jikoni kuna debe la unga, na nje kuna kihenge cha mahindi. Mwili nao uko hivyo. Debe la jikoni ni wanga uliohifadhiwa katika ini na misuli. Ni akiba ndogo, na ukikata chakula ghafla inaisha kwa siku moja au mbili. Kihenge ni mafuta yaliyo chini ya ngozi na tumboni. Hayo ni mengi, lakini hayachotwi upesi kama unga wa debe.

Ndiyo maana siku za kwanza ndizo ngumu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anakuwa mkali kwa watoto bila sababu. Tena akiba ile ya wanga huwa imeshikana na maji mengi. Inapoisha, maji nayo hutoka kwa njia ya mkojo. Mtu akipanda mizani siku ya nne anaona amepungua kilo mbili, anafurahi. Kumbe sehemu kubwa ni maji. Akila ugali wake wa kawaida siku mbili, kilo zinarudi.

Ipo hasara nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Mwili ukinyimwa sana hauli mafuta peke yake, unakula na misuli. Misuli ndiyo inayobeba mzigo na kupanda mlima. Kisha mwili unaanza kubana matumizi, kama mama mwenye nyumba anavyobana mwezi wa Januari mahindi yanapokaribia kwisha. Hapiki tena mara tatu, wala hagawi kwa jirani. Mwili nao unapunguza mapigo ya moyo, unapunguza joto, unakufanya usitake kusimama.

Jambo hili lilipimwa na wataalamu. Mnamo mwaka 1944 na 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichukua vijana 36 wenye afya waliojitolea. Kwa wiki 24 aliwapa karibu nusu tu ya chakula walichozoea, na bado walitakiwa kutembea kilometa nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walichoka kupanda ngazi. Walisikia baridi hata siku za joto. Walikosa raha, na mawazo yao usiku na mchana yalikuwa chakula tu. Wale hawakuwa wavivu. Miili yao ilikuwa inajiokoa. Basi, dada, ukiona uchovu usijilaumu kwamba huna moyo. Ujue umekata mno.

Tukate nini, basi? Tuanze na vile vinavyoleta kalori nyingi bila kushibisha. Soda mbili kwa siku ni kalori karibu 300. Chai tatu zenye vijiko vitatu vitatu vya sukari ni karibu 150. Mafuta unayomimina kwenye sufuria kwa kukadiria, bila kijiko, yanaweza kuwa 300 zaidi ya yale uliyohitaji. Bia moja kubwa ni kama 200, na hapa nasema na kina baba pia, maana kitambi hakichagui. Ukipunguza kalori 500 kwa siku kwa njia hiyo, unaweza kupungua karibu nusu kilo kwa wiki. Watu wataona ni kidogo. Lakini miezi mitatu ni kilo tano au sita, na kazi zako umefanya.

Ugali usiuache. Punguza ukubwa wa tonge lako, ongeza maharage na mboga. Maharage, njegere, dagaa, mayai na samaki hulinda misuli na hukaa tumboni muda mrefu. Katika mkoa wetu vitu hivyo havitoki mbali. Maharage yanalimwa Mbozi na Ileje, na samaki wanavuliwa Ziwa Rukwa. Ukisaga mahindi, chukua dona badala ya sembe. Kinu cha kukoboa kinaondoa kiini na ganda, navyo ndivyo vyenye vitamini na madini. Majirani watasema dona ni chakula cha shuleni. Waache waseme.

Usiruke mlo kabla ya kazi nzito. Siku ya kulima au ya kubeba magunia, kula vizuri asubuhi, na punguza jioni. Kunywa maji. Lala mapema, kwa sababu mtu asiyelala vizuri huona njaa zaidi kesho yake.

Neno moja kuhusu chai. Kina mama wengi wana upungufu wa damu kwa sababu ya hedhi na uzazi, na huo peke yake huleta uchovu na kuhema. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa chai saa moja au mbili baada ya mlo, siyo pamoja na mlo. Ukipata chungwa au limau, kula pamoja na maharage na mchicha, husaidia madini hayo kuingia.

Na zile chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mikononi? Vingi kazi yake ni kuharisha na kukojosha. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale, na moyo unaweza kupiga vibaya.

Wapo watu ambao wasipunguze chakula kabla ya kumwona mganga. Mama mjamzito au anayenyonyesha ni wa kwanza. Mwingine ni mgonjwa wa kisukari anayechoma sindano ya insulini au anayekunywa vidonge vya kushusha sukari. Huyu akiruka chakula huku dawa inaendelea, sukari inaweza kushuka mno. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anachanganyikiwa, anaweza kupoteza fahamu. Akiwa bado na fahamu apewe mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, au soda, kisha ale. Akizimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Mwenye dawa za presha naye, uzito ukipungua, dozi yake ya zamani huweza kuwa kubwa, na kizunguzungu kikaanza anaposimama. Asiache dawa mwenyewe. Aende apimwe, dozi ibadilishwe.

Na kama unapungua bila kukusudia, unachoka, unakohoa wiki mbili au unatoka jasho usiku, hiyo siyo habari ya ugali. Nenda zahanati ukapimwe kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na sukari. Vipimo vya makohozi na dawa za kifua kikuu havilipiwi.