Kandanda na masomo: Chipukizi wa Suneka hana haja ya kuacha darasa

KILA jioni, masomo yanapomalizika, viwanja vya shule katika eneo la Suneka, Kaunti ya Kisii, hufurika watoto wanaosakata gozi, baadhi kwa viatu na wengine miguu mitupu. Wengi wao huota kuvalia siku moja jezi ya Shabana, klabu iliyoasisiwa mjini Kisii mnamo 1980 na iliyorejea katika Ligi Kuu mnamo 2023 baada ya kukaa nje kwa miaka 17.

Ndoto hiyo si haramu. Tatizo ni imani kwamba mtoto mwenye kipaji sharti achague ama kitabu ama mpira, kwa kuwa mshika mawili moja humponyoka. Kwa imani hiyo, mzazi huficha viatu vya mwanawe akichelea atafeli mtihani. Naye kijana hutoroka darasa akichelea kwamba wakati utampita.

Hofu ya kijana huyo haina msingi, na mashahidi ni kanuni za kandanda zenyewe.

Chini ya kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, mchezaji haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza umri wa miaka 18. Yapo mambo machache yanayosamehewa, mathalan wazazi wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na soka. Hata katika Umoja wa Ulaya, ambako vijana wa umri wa miaka 16 na 17 wanaweza kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine, klabu inayompokea kijana hulazimika kumpa elimu pamoja na mazoezi.

Kwa hivyo, mtu anayefika kijijini akimwahidi mvulana wa miaka 15 mkataba wa ng'ambo iwapo wazazi watatoa fedha za usafiri, anastahili kutiliwa shaka tangu neno la kwanza. Hakuna klabu halali ya kigeni inayomsubiri mtoto huyo aache shule.

Tuhesabu miaka. Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi hukaa sekondari msingi miaka mitatu na sekondari pevu mitatu. Kwa mtoto aliyeanza shule kwa wakati, hiyo ni takriban miaka 12 hadi 17. Na ni katika mwaka wa 12 wa mchezaji ambapo FIFA huanza kuhesabu muda wa malezi yake ya soka. Miaka ya darasani na miaka ya kukuzwa kiwanjani, basi, ni ile ile.

Hesabu hiyo ina fedha ndani yake. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kumalizika, asilimia tano ya bei hutengwa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 hulipiwa asilimia 0.25 ya bei, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 hulipiwa asilimia 0.5. Tuseme mchezaji ameuzwa kwa Sh100 milioni. Klabu iliyomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 17 itastahili Sh2 milioni.

Hata hivyo, malipo hayo huziendea klabu zilizosajiliwa rasmi, tena zenye rekodi za kuthibitisha kwamba mchezaji alikuwa wao. Timu ya mtaani isiyo na usajili, hata kama ndiyo iliyomvumbua, huambulia patupu.

Mfano wa kuunganisha soka na elimu hauko mbali. Chama cha Mathare Youth Sports Association (MYSA) kilianzishwa jijini Nairobi mnamo 1987. Vijana wake hucheza ligi, lakini pia husafisha mitaa na kuwafunza wenzao. Wanaojitolea zaidi hutuzwa kwa kulipiwa karo, na fedha hizo hupelekwa shuleni. Kutokana na chama hicho ilizaliwa Mathare United mnamo 1994, klabu iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu mnamo 2008. Karo haikuua soka. Iliwaweka vijana pamoja hadi wakakomaa.

Nchini Côte d'Ivoire, klabu ya ASEC Mimosas ilianzisha katika miaka ya 1990 kituo ambapo chipukizi walisoma na kufanya mazoezi mahali pamoja. Mnamo 1999, kikosi cha vijana hao kiliilaza Espérance ya Tunisia 3-1 na kutwaa Kombe la Super la Afrika. Kolo Touré na nduguye Yaya walipitia humo.

Suneka haina fedha za ASEC, lakini mambo ya msingi hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni ratiba. Saa moja na nusu ya mazoezi baada ya masomo, siku tatu kwa wiki, humwachia mwanafunzi jioni ya kudurusu. La pili ni sharti linalojulikana na wote: asiyehudhuria darasa hachezi Jumamosi. Kocha na mwalimu wakizungumza lugha moja, mtoto hana pa kujificha. La tatu ni ushirikiano: shule itoe uwanja na nidhamu, klabu ya mtaa isajiliwe na kutunza rekodi za wachezaji, wasichana kwa wavulana.

Aidha, sekondari pevu sasa ina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, sambamba na ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na ule wa sayansi ya jamii. Mwanasoka anaweza kuelekea ukocha, utabibu wa viungo au ualimu. Mzazi aulize mapema shule ipi inatoa mkondo huo, kwa kuwa si kila shule inayo mikondo yote.

Ukweli usiofichika ni kwamba wengi wa watoto wanaocheza leo hawatalipwa kamwe kwa kucheza. Goti moja likiumia, safari hukatika. Na Gusii ni nchi ambayo mashamba yake yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi yakawa vipande vidogo. Kijana aliyeacha shule kwa ajili ya mpira, kisha mpira ukamwacha, harejei kwenye ekari za babu. Hurejea mikono mitupu. Aliyeshika yote mawili, moja likimponyoka, bado ana la pili mkononi.