Mnazi Upi Ufaao kwa Tembo?

Watengenezaji wa bia katika nchi za baridi hulinganisha aina za hopsi kwa uchungu na harufu. Mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, kwa hiyo haufai Saadani. Katika pwani ya Bagamoyo kinachopasa kulinganishwa ni minazi, kwani mwanachama apandaye mche kwa ajili ya ugema huishi na uchaguzi wake kwa miaka mingi.

Mnazi mfupi, yaani kitamli, huanza kutoa makole katika mwaka wa 3 au wa 4, na mgema huufikia bila kupanda juu sana. Mnazi mrefu wa asili humngojesha mkulima miaka 6 au 7, kisha huweza kuishi zaidi ya miaka 60. Makole yake ni makubwa zaidi, na huvumilia ukame ambao humdhoofisha mwenzake upesi.

Ukali wa tembo usifanywe kipimo cha aina. Utomvu hutoka mtini ukiwa mtamu. Hamira ya asili huanza kuuchachusha mara moja kibuyuni, na ukiachwa siku kadhaa huwa siki. Ndiyo maana mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya kole kwa kotama.

Jambo zito ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Nazi huanguka changa, makole huwa meusi, makuti hugeuka manjano, na hatimaye kichwa chote hudondoka. Dawa haipo. Majaribio ya Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba aina za kigeni na machotara yake zilikufa kwa wingi penye ugonjwa, ilhali baadhi ya minazi mirefu ya wenyeji ilistahimili.

Baadhi tu, si yote. Mnazi mrefu huchavushwa na majirani zake, hivyo watoto wake hawafanani. Kitamli hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Basi katibu aagizaye mbegu asiridhike na jina. Aulize nazi zimetoka mti gani, na kama mti huo ulibaki hai ukizaa vema wakati jirani zake zilipokufa. Mti wa namna hiyo usigemwe, maana kole lililogemwa halizai nazi.