Hamira zilizokwama zilivyompa Schekman Nobel

Hamira inayoumua maandazi na seli za mwili wa anayeyala zina kazi moja ngumu inayofanana. Protini hutengenezwa sehemu moja ya seli na kuhitajika kwingine, na baadhi lazima zitoke nje kabisa, kama insulini inavyotoka kwenye kongosho kuingia katika damu. Randy Schekman alipoanza kufundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976, akiwa na miaka 27, alitaka kujua ni nini kinachoendesha safari hiyo.

Njia yenyewe ilikuwa imeshaonekana. George Palade, mzaliwa wa Romania aliyehamia Marekani, aliichunguza kwa hadubini ya elektroni kwenye seli za kongosho na kupata Nobel mwaka 1974. Alionyesha kuwa protini husafirishwa ndani ya vifuko vidogo mno, kutoka kituo hadi kituo. Lakini picha haisemi ni kipi kinachokiamuru kifuko kiondoke, wala kinatambuaje mahali pa kufunguka.

Schekman akaenda kulitafuta jibu kwenye hamira. Wataalamu wa fani hiyo walizoea seli za wanyama, na yeye hakuwa na uzoefu wowote wa hamira. Ombi lake la kwanza la fedha kwa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani likakataliwa.

Hata hivyo hesabu zake zilikuwa sahihi. Hamira hukua haraka, na ni rahisi kuharibu jeni zake moja moja na kutazama kinachotokea. Kikwazo ni kwamba seli isiyoweza kusafirisha protini hufa, na ikishakufa haina la kumwambia mtafiti. Kwa hiyo yeye na mwanafunzi wake, Peter Novick, walitafuta hamira ambazo kasoro yake hujitokeza kwenye joto tu. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi zinaishi kama kawaida; zikipandishwa hadi 37, usafirishaji unasimama.

Ya kwanza waliiita sec1, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1979. Picha zake zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Seli nzima ya hamira, ambayo kwa kawaida ina vifuko vichache, imejaa vifuko pomoni, vimesongamana kama makontena bandarini siku kreni zilipogoma. Vimebeba mzigo wake, vimefika karibu na ukuta, ila haviwezi kuupakua.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kilele cha ubunifu wao. Seli iliyoziba huendelea kutengeneza protini bila kupanuka, hivyo inakuwa nzito kuliko wenzake. Wakachukua mchanganyiko wa hamira, wakauzungusha kwa kasi kwenye mashine ndani ya mmumunyo mzito, na zile zenye kasoro zikazama chini zenyewe. Kufikia mwaka 1980 walikuwa na orodha ya jeni 23.

Wakati huohuo James Rothman alikuwa akivunja seli za wanyama na kuutafuta mtambo uleule kwa njia ya kemia. Mwaka 1989 ikabainika kuwa protini muhimu aliyoipata ni ileile inayotokana na sec18 katika orodha ya Schekman. Binadamu na hamira, waliotengana kwenye ukoo wa viumbe zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, bado wanatumia mtambo mmoja. Thomas Südhof naye alikuta ndugu wa sec1 kwenye ubongo, wakishiriki katika kuachilia kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine. Watatu hao walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2013.

Fedha za tuzo Schekman hakuzitia mfukoni. Alizielekeza Berkeley kuanzisha nafasi ya uprofesa ya utafiti wa msingi wa saratani, yenye majina ya mama yake, Esther, na dada yake, Wendy, wote waliouawa na saratani. Mkewe, Nancy, aliugua Parkinson kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2017. Baadaye Schekman akashika uongozi wa mpango wa kimataifa wa kutafuta chanzo cha ugonjwa huo.

Leo sehemu kubwa ya insulini inayotumiwa na wagonjwa wa kisukari, wakiwemo wa kwetu, hutengenezwa na hamira zinazoitoa nje kwa njia hiyohiyo aliyoichambua. Mwaka 1976 hakuna aliyeweza kumwahidi mfadhili insulini hiyo. Wanaogawa fedha za utafiti katika vyuo vyetu wasikimbilie kuuliza ombi litaponya ugonjwa gani mwaka ujao. Wapime kwanza kama swali ni zuri, na kama aliyelileta ana njia ya kulijibu.